Kuandika habari na kuhifadhi mashuka na vitambaa vilivyodariziwa nyumbani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, chini ya sanduku au kwenye rafu ya juu ya kabati, pana shuka jeupe lililodariziwa maua pembezoni, foronya zake mbili, na bunda la vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa kroshia. Ni kazi ya mikono ya mama, shangazi au bibi, na kwa kawaida hutolewa pale tu nyumba inapopokea wageni wa heshima. Familia inapoamua kwamba sasa vitu hivi vitunzwe, jambo la kwanza linalofanyika ni kuvifua, kuvitia wanga na kuvipiga pasi. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu ulio kinyume: kwanza iandikwe habari ya kila kitambaa, kisha zipigwe picha, na maji yaje mwisho, iwapo yatahitajika.

Kitambaa ambacho hakijaguswa kina ushahidi ambao sabuni huuondoa, kama vile mistari ya penseli au ya karatasi ya kaboni iliyoongoza sindano, uzi wa rangi tofauti unaoonyesha mahali ulipoishia mkunjo wa kwanza, au doa ambalo mwenyewe anaweza kukueleza lilitokana na nini. Zaidi ya hapo, shuka la pamba likitunzwa vizuri huweza kudumu kuliko aliyelidarizi, ilhali maelezo yake hayamo ndani ya nyuzi. Mfano mzuri ni wa Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani, ambaye alishona mfarishi wa viraka wenye picha 11 za visa vya Biblia na kuuonyesha mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa aliyeitwa Jennie Smith alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye, shida ya fedha ilipombana, akauuza kwa dola 5. Smith hakuchukua mfarishi peke yake, bali aliandika pia maelezo ambayo mshonaji mwenyewe aliyatoa juu ya kila picha. Leo mfarishi huo umo katika makumbusho ya Smithsonian, na watazamaji wanajua kila umbo lilikusudiwa kuwa nini kwa sababu mtu aliuliza na kuandika.

Kwa hiyo kazi ianze na aliyedarizi, kama yu hai. Mketi pamoja, kitambaa kikiwa mapajani mwake, kwa kuwa mikono ikigusa kazi yake ya zamani huibua mambo ambayo swali la mbali haliyapati. Omba ruhusa ya kurekodi sauti kwa simu, na mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na majina ya waliopo. Muulize nani alimfundisha, na wapi: shuleni, kanisani, kwenye kikundi cha akina mama au barazani kwa jirani. Muulize ua lile alilipata wapi, maana michoro mingi ilinakiliwa kutoka kitambaa cha rafiki, na rafiki huyo ni sehemu ya historia. Nyuzi zilinunuliwa duka gani, kitambaa kilikuwa kipya au kilitolewa katika vazi jingine, kilikusudiwa nani, na hatimaye kilitumiwa na nani? Akitaja mshono au umbo kwa jina la Kichaga, Kidigo, Kiha au lugha nyingine ya kwao, liandike kama alivyolitamka wala usimsahihishe, hata kama unalijua jina la dukani. Usimharakishe, swali lisilojibiwa leo linaweza kupata jibu wiki ijayo, mtakapokuwa mnazungumzia jambo jingine kabisa.

Ikiwa ameshafariki dunia, waulize waliokaa naye wakati akidarizi, na katika daftari utenganishe mambo matatu kwa uwazi: yale aliyoyasema mwenyewe na yakasikiwa na mtu unayemtaja, yale yanayosemwa tu katika ukoo, na yale unayoyakisia wewe kwa kuangalia kitambaa. Familia hupenda kuyachanganya matatu haya, na baada ya kizazi kimoja hakuna awezaye kuyatenganisha tena.

Kila kitambaa kipewe namba yake, kwa mfano SH-01 kwa shuka na VT-01 kwa kitambaa cha meza, na namba hiyo itumike katika daftari, katika majina ya picha na katika lebo. Andika urefu na upana kwa sentimita, rangi zote za nyuzi, aina ya mishono unayoitambua, na hali ya kitambaa siku hiyo: matundu, madoa, mahali palipotiwa kiraka, nyuzi zilizofumuka. Kama huna hakika ya aina ya uzi, chomoa kipande kifupi kutoka ndani ya pindo, kishike kwa kibano juu ya sahani ya udongo na ukiwashe. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Nyuzi za viwandani kama poliesta huyeyuka na kuacha chembe ngumu.

Upande wa nyuma ndio unaosema mengi, nami huwa naupa muda mrefu kuliko wa mbele. Huko huonekana kama uzi ulifungwa fundo au ulipitishwa chini ya mishono, kama mkono ulibadilika katikati ya kazi, na rangi zilikuwaje kabla ya jua kuzipausha. Katika mashuka ya viraka, tazama pia mahali ambapo mshono ulianzia. Wanawake wa Kisidi wa Karnataka nchini India, jamii yenye asili ya Afrika, huanza kushona mifarishi yao pembezoni na kuzunguka kuelekea katikati, kisha hutia vipande vidogo vya pembetatu kwenye pembe. Mpangilio wa namna hiyo hautambuliki ikiwa picha ilipigwa ya mbele peke yake. Viraka vya kanga navyo husaidia kukadiria umri. Kiraka chenye chapa ya kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1968, kiwanda kilipofunguliwa, ingawa shuka lenyewe linaweza kuwa limeshonwa miaka mingi baadaye.

Picha zipigwe mchana, kivulini au karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kitambaa kikiwa kimetandazwa sakafuni juu ya shuka safi la rangi moja. Piga kitambaa kizima ukiwa umesimama juu yake, mbele na nyuma, kisha sogea karibu kwa kila ua, kila kona na kila palipoharibika, ukiweka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Unapowatumia ndugu picha kwa WhatsApp, zitume kama faili la waraka, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora. Nakala za picha na za sauti ziwe tatu, na moja kati yake ikae katika nyumba nyingine au mji mwingine. Simu ikiibwa, kazi yote isiende nayo.

Lebo hutengenezwa kwa utepe wa pamba nyeupe uliofuliwa kwanza. Andika namba, jina la mshonaji na mwaka kwa kalamu ya wino usiofutika, acha ukauke, kisha uishikize kwa mishono michache kwenye pindo la upande wa nyuma. Gundi, stepla na pini zisitumike: gundi huacha doa, na chuma hushika kutu katika hewa ya unyevu na kutoboa kitambaa.

Sasa ndipo linakuja suala la kufua. Kitambaa kilichochakaa kiasi cha kuchanika kikivutwa kidogo kisifuliwe nyumbani. Kilicho imara kipimwe kwanza: lowesha kipande cha pamba nyeupe, kikandamize kwa dakika chache juu ya kila rangi ya uzi, hasa nyekundu, nyeusi na buluu, na ikiwa pamba imeshika rangi, acha. Kisipochuja, kitandaze juu ya wavu laini (chandarua safi kisicho na dawa kinafaa) ukiteremshe katika beseni pana la maji ya kawaida yenye sabuni kidogo ya maji isiyo kali. Kibonyeze taratibu kwa kiganja. Usikifikiche wala kukikamua. Jiki isiguse kabisa, kwa kuwa hudhoofisha pamba hata pale inapoonekana imeing'arisha. Suuza mara nyingi hadi maji yawe safi, inua kwa wavu, na ukianike kimelala juu ya taulo kivulini, maana uzito wa maji katika shuka lililotundikwa kwenye kamba unaweza kukata nyuzi za zamani.

Vitambaa vya kroshia vilivyokakamazwa kwa wanga wa muhogo au kwa sukari vinahitaji kusuuzwa hadi ukakamavu wote uishe kabla ya kuwekwa. Wanga na sukari ni chakula cha mende na wadudu wengine, na nimeona vitambaa vizuri vikiliwa matundu hasa pale palipotiwa wanga mwingi.

Unyevu ni adui mkubwa zaidi katika miji ya pwani. Hewa ikibaki na unyevu unaozidi asilimia 65 ukungu hupata nafasi ya kuota, na Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huvuka kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo sanduku lisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje, na mifuko ya nailoni iliyofungwa isitumike, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Mbao na magazeti vina asidi inayoifanya pamba iwe ya manjano. Sanduku litandikwe ndani kitambaa cha marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa, kikiwa kimefuliwa ili kuondoa dawa za kiwandani. Shuka likunjwe mara chache iwezekanavyo, na ndani ya kila mkunjo itiwe soseji, yaani kipande kilichoviringishwa, ya kitambaa hichohicho ili uzi usivunjike. Vitambaa virefu ni heri vizungushwe kwenye bomba la boksi lililofunikwa, maua yakitazama nje. Kofia zilizodariziwa kwa mkono zijazwe pamba au kitambaa laini, zisilaliwe na kitu kizito.

Naftalini siipendekezi. Mvuke wake ni sumu, na kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika maeneo yenye malaria, nguo zilizokaa na naftalini zinaweza kusababisha chembe nyekundu za damu kupasuka. Wadudu wakionekana, funga kitambaa kikavu katika mfuko wa plastiki, ukiweke katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uache mfuko ukiwa umefungwa kwa siku nzima nje ya friza kabla ya kuufungua, ili umande usitue juu ya nyuzi.

Anayetaka kutundika kazi ukutani ajue kwamba rangi iliyopauka hairudi. Makumbusho huonyesha vitambaa katika mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na sebule yenye madirisha makubwa hupita hapo mara nyingi sana. Ni afadhali kutundika picha kubwa ya kitambaa na kukiacha chenyewe gizani.

Kila baada ya miezi mitatu au minne, hasa baada ya masika, vitambaa vitolewe, vikaguliwe, vipigwe upepo kivulini na kukunjwa katika mistari mipya. Wakati wa mirathi, seti ikigawanywa, foronya moja ikaenda Arusha na nyingine ikabaki Tanga, daftari lionyeshe kila kipande kiko kwa nani na kilihamishwa lini, na kila mwenye kipande apewe nakala ya daftari zima, pamoja na rekodi ya sauti.