Jinsi ya kuandaa mtaa kabla joto kali halijapiga

Watu wakisikia mpango wa joto wanawaza miti na matenki ya maji. Sawa, hivo navyo vina nafasi yake, ila mimi kwenye kazi hii naanzaga na majina ya watu, kwa sababu joto linaua ndani ya nyumba, mara nyingi mtu akiwa peke yake na hakuna anayejua. Angalia British Columbia kule Kanada mwaka 2021: wiki moja ya joto, watu 619 wamekufa, karibu wote ndani ya majengo, na zaidi ya nusu walikuwa wanaishi peke yao.

Hatua ya 1: Orodha

Piteni nyumba kwa nyumba. Mnatafuta wazee wanaokaa wenyewe, wajawazito, vichanga, wagonjwa wa moyo, figo na kisukari, wenye matatizo ya akili (hawa wanasahaulika sana jamani), wanaotumia dawa za presha zinazokojoza, na yule anayelala chumba cha juu kabisa chini ya paa. Mtu akikubali kuandikwa, mpeni jirani mmoja wa kumgongea mlango mara mbili kwa siku, na mara ya pili iwe jioni, maana kuta za zege zinameza joto mchana kutwa alafu zinalitema usiku wakati mwili unataka kupumzika. Asiruhusiwe kuishia kupiga simu tu, mtu aliyezidiwa na joto anaweza kukujibu niko poa wakati hata siku ya leo haijui. Na orodha yenyewe msiimwage kwenye grupu la WhatsApp, ina magonjwa ya watu humo.

Hatua ya 2: Mnaanza lini?

Ahmedabad, India, Mei 2010 walipata vifo zaidi ya 1,300 juu ya kawaida ya mwezi huo, na mwaka 2013 wakaja na mpango wenye tahadhari za rangi: ikitangazwa rangi fulani, kila mtu anajua kazi yake. Mfumo huo igeni, nyuzi zao za kutangazia tahadhari msiige. Penye unyevunyevu mwingi jasho halikauki, na jasho lisipokauka halipozi mwili, kwahiyo nyuzi ambazo pakavu zinavumilika kwenu zinaweza kuua. Kaeni na watu wa hali ya hewa na wa afya mpange kiwango chenu, na muangalie joto la usiku pia sio la mchana tu.

Hatua ya 3: Sehemu ya kupoa

Msijenge kitu. Tafuteni shule, maktaba, ukumbi au nyumba ya ibada ambayo tayari inapoa, yenye maji, choo na umeme wa akiba. Kituo kinachofungwa saa kumi na moja jioni sijui kinamsaidia nani! Paris wakati wa tahadhari wanaacha baadhi ya bustani wazi usiku. Pangeni na usafiri, maana asiyeweza kutembea ndo anayekihitaji zaidi.

Hatua ya 4: Fundisheni dalili

Hapa tumieni muda. Mtu anaanza kuongea ovyo, anayumba, anadegedege au anazimia, na mwili unachemka (nyuzi 40 kwenda juu): hicho ni kiharusi cha joto, na hata kama anatoka jasho bado ni hicho hicho. Mmoja apige simu ya dharura, wengine waanze kumpoza palepale bila kungoja gari: kivulini, nguo zipunguzwe, maji ya baridi mwili mzima huku mnampepea, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu, na panadol hapa haisaidii. Feni nayo ina mwisho wake, Shirika la Afya Duniani linasema hewa ikizidi nyuzi 40 feni inakuongezea joto.

Hatua ya 5: Wanaofanya kazi juani

Ongeeni na mabosi wahamishe kazi nzito zije alfajiri, maji na kivuli viwe karibu, kila dakika 15 hadi 20 mtu anywe kikombe. Mgeni kazini ndo anaanguka kwanza, mwili bado haujazoea. Siku ya kwanza apewe asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto, alafu muongeze 20 kila siku.

Hatua ya 6: Mapaa na miti

Rangi nyeupe kwenye paa inarudisha jua lilikotoka, ni kazi ya wikiendi. Anzeni na mapaa ya walio kwenye orodha. Miti pandeni, ila kivuli chake mtakisubiri miaka.

Hatua ya 7: Jaribuni, alafu hesabuni

Kabla msimu haujafika chagueni siku ya kawaida mzungushe orodha nzima, mtagundua nani kahama na jirani gani kaingia mitini. Joto likipita, linganisheni vifo vya wiki zile na wiki kama hizo miaka ya nyuma. Vyeti vya vifo peke yake havitoshi, vingi vitaandikwa moyo badala ya joto.