Somo: Kumwandikisha mtoto kambi ya kutwa, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu, habari za kazi na malezi. Somo hili ni la mzazi ambaye mtoto wake anakwenda kambi ya kutwa kwa mara ya kwanza: anaondoka asubuhi, anashinda huko akicheza, akichora au akiogelea, na jioni anarudi kulala nyumbani. Nimekaa meza ya mapokezi ya kambi za namna hii kwa misimu kadhaa, na wa kwangu pia nimewapeleka, kwa hiyo ile fomu naijua kwa pande zote mbili.

Nianze na jambo lililonifanya niandike. Siku ya pili ya kambi, kabla ya saa nne asubuhi, nililetewa mtoto wa miaka sita jicho limevimba. Nyigu alikuwa amemuuma kwenye kope. Alikuwa amekwisha nyamaza kulia, ila alinishika vidole viwili kwa nguvu akiniuliza mama anakuja saa ngapi. Nikafungua faili lake. Sehemu ya mzio imeachwa wazi. Namba ya mama, haipatikani. Nikashuka kwenye namba ya pili ya dharura, kumbe ni ileile ya kwanza imerudiwa. Kwa dakika ishirini nzima tulikaa naye kwenye benchi, kitambaa cha barafu jichoni, muuguzi akisikiliza anavyopumua, na hakuna aliyejua kama huyu ni mtoto wa kuvimba kidogo basi, au ni wa kukimbizwa hospitali. Uvimbe ulipungua. Mama alipopiga alikuwa anatetemeka. Simu ilimzimikia chaji akiwa kazini. Anampenda mwanawe kama sisi sote. Alijaza haraka tu, akidhani ni karatasi ya ofisi.

Fomu ile ndiyo mdomo wako wakati haupo. Hatua zote hapa chini zinaizunguka hiyo.

Hatua ya 1: Anza na mtoto mwenyewe

Kabla hujalipa chochote, kaa naye umwulize anapenda nini na anaogopa nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kambi ni jambo linalomhusu kuliko linavyokuhusu wewe. Mtoto mkimya anaweza kufurahia kambi ya kuchora yenye watoto kumi na tano na akaumia kwenye kambi ya michezo yenye watoto mia. Angalia na saa. Mwenye miaka minne au mitano akishinda kwa muda wa saa nane juani na kwenye kelele, jioni anakurudia hoi. Kama kuna nafasi za nusu siku, mwanzishie hapo.

Hatua ya 2: Nenda ukaione, na uulize bila aibu

Picha nzuri hazitoshi. Nenda kwa miguu yako, ukiweza wakati watoto wapo. Tazama choo kabla ya kutazama uwanja. Tazama kivuli kiko wapi, na lango linafungwa na nani.

Uliza mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi. Chama cha Kambi cha Marekani, ambacho hukagua na kuthibitisha kambi nchini humo, kinapendekeza kwa kambi za kutwa mlezi 1 kwa watoto 6 wenye umri wa miaka 5 kushuka chini, 1 kwa watoto 8 wa miaka 6 hadi 8, na 1 kwa watoto 10 wa miaka 9 hadi 14. Huenda kambi yako iko nchi nyingine na ina kanuni zake, lakini hesabu hiyo inakupa pa kupimia. Na ukiuliza, taja walezi walio na watoto uwanjani. Wako wanaomhesabu mpishi, dereva na karani ili namba ipendeze.

Uliza pia walezi wanachunguzwaje kabla ya kuajiriwa, na kama kuna kanuni ya kutomwacha mtu mzima peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Msimamizi anayejua kazi yake atakujibu papo hapo, tena atafurahi umeuliza. Akianza kununa au kukwambia "usijali mama, sisi hapa ni familia", mimi hapo naondoka.

Kama kuna maji, iwe bwawa, ziwa au bahari, hapo usiwe na haraka. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Mdomo unakuwa usawa wa maji, nguvu zote zinakwenda kwenye kutafuta pumzi, na pumzi ya kuita hana. Watu wanaweza kuwa mita tatu kutoka kwake wakaona mtoto anacheza. Kwa hiyo uliza: yuko mwokoaji mwenye mafunzo ambaye kazi yake saa hiyo ni kutazama maji tu? Watoto wanapimwa uwezo wa kuogelea siku ya kwanza, au wanaulizwa tu "unajua kuogelea?" Asiyejua anavaa nini? Vile vibofu vya kupuliza vya mikononi ni vya kuchezea, haviokoi mtu. Linalotakiwa ni jaketi la kuokolea linalomtosha mwilini. Na mtoto mdogo asiyejua kuogelea, mtu mzima awe naye majini, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Hatua ya 3: Malipo

Soma masharti kabla ya kutoa arbuni. Mtoto akiugua katikati ya wiki, fedha inarudi au inahamia wiki nyingine? Ukichelewa kumchukua, kuna faini? Ada inajumuisha chakula, usafiri na safari za nje, au ni nyongeza? Dai risiti. Na kama ada inakushinda, waulize kwa faragha kama wana punguzo au nafasi za ufadhili. Nimeona nafasi hizo zikibaki kwa sababu wazazi wanaona haya kuuliza.

Hatua ya 4: Fomu

Ijaze mezani, taa imewaka, kadi ya chanjo iko karibu. Iandike kama vile anayeisoma hajawahi kumwona mtoto wako na ana dakika moja tu, maana ndivyo itakavyokuwa.

Namba za dharura ziwe za watu watatu tofauti, na angalau mmoja awe mtu anayeweza kufika kwa nusu saa. Ukimaliza kuandika, zipige zote hapo hapo ukisoma kutoka kwenye karatasi, usisome kutoka kwenye simu. Tarakimu moja iliyokosewa utaigundua hivyo tu.

Kwenye mzio usiandike "anasumbuliwa na karanga". Andika kinachotokea: "Akila karanga, midomo huvimba ndani ya dakika kumi, kisha hukohoa." Vivyo hivyo pumu, kifafa na kisukari: kinaanzaje, huwa mnafanya nini nyumbani, na wakati gani mnakwenda hospitali. Kama hana mzio wowote, andika "hana". Pengo likiachwa wazi, msomaji hajui kama hana au umesahau.

Andika na yale yasiyo na kisanduku chake. Anaogopa mbwa. Akikasirika hujificha, hasemi. Haja ndogo anaiita kwa neno lenu la nyumbani, na mlezi asipolijua, mtoto atalowa. Babu yake amefariki mwezi uliopita. Hakuna mlezi atakayekucheka kwa hayo. Mimi nilikuwa nikiyasoma kwanza.

Kisha majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Yaandike kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, maana "Mjomba" hana kitambulisho cha jina hilo. Ridhaa ya picha isome peke yake: unaweza kukubali apigwe picha za kumbukumbu na ukakataa zisiwekwe mtandaoni.

Hatua ya 5: Dawa

Dawa ikabidhiwe na wewe mkononi mwa mhusika, ndani ya pakiti yake yenye lebo, jina la mtoto, kipimo na saa, pamoja na sahihi yako. Usifunge vidonge viwili kwenye karatasi ukavitumbukiza kwenye begi. Mtoto mwingine atavidhania pipi. Inhela ya pumu na sindano ya adrenalini (ile ya mzio mkali) zisifungiwe kabatini ofisini. Zifuatane na mtoto, zikiwa kwa mlezi wa kundi lake, hata wanapokwenda kuogelea. Soma tarehe ya kuisha kabla hujazitoa nyumbani.

Hatua ya 6: Begi

Chupa ya maji, kofia, nguo za kubadilisha, viatu vya kufunika vidole. Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi mpake nyumbani robo saa kabla ya kutoka, kisha irudiwe kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Mwonyeshe anavyoweza kujipaka masikio na shingo mwenyewe. Andika jina kwenye kila kitu. Midoli anayoipenda sana ibaki nyumbani.

Hatua ya 7: Asubuhi ya kwanza

Siku chache kabla, piteni pamoja pale, mwonyeshe lango na choo. Mweleze jioni atachukuliwa na nani. Mfundishe neno la siri la familia: asiyelijua, hata akisema katumwa na mama, haondoki naye. Mwambie pia kwamba mwili wake ni wake, na kwamba mtu mzima akimwomba afiche siri dhidi ya mama au baba, siri hiyo aje aiseme nyumbani siku hiyohiyo, na hatagombezwa.

Kuaga kuwe kufupi. Mkumbatie, mwambie utarudi baada ya nini ("baada ya kuogelea na hadithi"), ondoka. Usitoroke akiwa ameangalia pembeni, maana kesho atakung'ang'ania maradufu.

Maswali ya wanachama

*Swali: Dada, wangu ana miaka mitano na amelia siku tatu mfululizo. Nimtoe?*

Pole sana, mama. Usiamue kwa kilio cha langoni peke yake. Mwulize mlezi kilio huchukua muda gani baada yako kuondoka, na kuanzia hapo mtoto anafanya nini. Akinyamaza baada ya dakika tano na akacheza, mpe wiki. Lakini kama hali chakula, hachezi, ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, au anamtaja mtu mmoja kwa hofu, mtoe siku hiyo na uzungumze naye taratibu, bila kumwekea maneno mdomoni.

*Swali: Mimi na mzazi mwenzangu tumetengana, na kuna amri ya mahakama kuhusu mtoto. Niseme kambini?*

Ndiyo, baba, na upeleke nakala. Mapokezi hawana uwezo wa kumzuia mzazi kwa maneno matupu. Amri ikiwa kwenye faili, wana pa kusimamia. Mweleze msimamizi faraghani, mtoto asikie kidogo iwezekanavyo.

*Swali: Ana miaka kumi na hapendi kunywa maji. Kambi ni ya mpira, na jua ni kali.*

Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mililita 100 hadi 250 kila dakika 20 wakati wa mazoezi kwenye joto. Usimwachie kiu imkumbushe. Mwombe kocha awe na vituo vya maji kwa timu nzima, hapo atakunywa kwa sababu wenzake wanakunywa. Na uliza wanajua dalili: mtoto aliyechanganyikiwa, anayeyumba, mwili unachoma, ni dharura. Apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na aitiwe gari la wagonjwa.

*Swali: Jana alikuwa na homa, leo asubuhi nimempa dawa imeshuka. Aende?*

Hapana, mpendwa. Dawa imeificha homa, haijaiondoa. Kanuni ya kambi nyingi ni saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kwa kutapika na kuharisha, wengine hudai saa 24, wengine 48. Soma ya kwenu.

*Swali: Mwanangu ana usonji. Kila kambi niliyopiga wanasema "tutaona". Nifanyeje?*

Hilo "tutaona" linachosha, najua. Omba kikao na mlezi atakayekuwa naye kila siku, karani hakutoshi. Nenda na ukurasa mmoja: kinachomtuliza, kinachomchafua, dalili za mwanzo kabla hajalipuka, anawasilianaje. Uliza kama kuna mahali patulivu pa kupumzikia, na kama ratiba ya siku inaweza kutolewa kwa picha. Wakikubali, mwombee siku moja ya kutembelea kabla hakujajaa watoto.

*Swali: Kuna tangazo la chawa kambini. Nimzuie nyumbani?*

Si lazima. Chawa hawaruki wala hawapai, huhama hasa vichwa vikigusana. Mkague kwa chanuo la meno membamba nywele zikiwa mbichi, zifungwe kama ni ndefu, na asiazime kofia wala chanuo.

*Swali: Fomu nilishaipeleka wiki iliyopita. Nimesoma hapa nikakumbuka sikuandika kwamba nyuki alishawahi kumvimbisha uso. Nikimwambia mlezi kwa mdomo kesho, inatosha?*

Haitoshi, mama, maana mlezi huyo anaweza kuwa na siku ya mapumziko keshokutwa. Kwanza mpeleke kwa daktari, mweleze lile tukio la uso kuvimba, aamue kama mtoto anahitaji kuwa na sindano ya adrenalini. Kisha nenda kambini, omba fomu yako, ongeza kwa maandishi, weka sahihi na tarehe. Usiondoke hapo bado. Kwa kawaida nakala ni mbili, moja ya ofisini na moja iliyo kwenye begi la mlezi wa kundi. Omba uione hiyo ya pili nayo ikirekebishwa, mbele yako.