Somo: Kutengeneza programu ya kupanga zamu za sheli bila kuumiza wafanyakazi

Wakuu habari za saa hizi. Leo tunaenda hatua kwa hatua, programu inayopanga rosta yenyewe. Mfano wangu ni sheli inayofanya kazi saa 24, ila ukishaelewa hapa unaipeleka famasi, ulinzi, hotelini, popote penye zamu. Msimamo wangu nauweka mapema: mapumziko ya mtu hayaingii kwenye hesabu ya gharama, yanakaa kwenye masharti. Mwaka 2014 New York Times waliandika jinsi wafanyakazi wa Starbucks kule Marekani walivyokuwa wanapangwa na programu, mtu anafunga duka usiku na baada ya saa chache anatakiwa akalifungue, mpaka kampuni ikatangaza kubadilisha utaratibu. Kompyuta ukiiambia bana gharama itabana, habari za kulala haizijui.

Hatua ya 1: hesabu watu kabla hujaanza kuandika programu. Tuseme kila zamu wahudumu 4, zamu 3 za saa 8, siku 7, hizo ni nafasi 84 kwa wiki. Wengi wanachukua saa 672 wanagawanya kwa 45 (ukomo wa saa za kawaida kwa wiki kwa sheria ya Tanzania) wanapata watu 15, na hapo ndo rosta inaanza kuharibika, kwa sababu zamu haikatwi vipande, mtu mmoja anaingia zamu 5 tu (saa 40), ya 6 inamfikisha saa 48. Kwahiyo 84 gawanya kwa 5, unahitaji watu 17. Ukitaka pungufu ya hapo unaingia ovataimu, ambayo Tanzania mfanyakazi lazima akubali, unamlipa mara moja na nusu, na haizidi saa 50 ndani ya wiki nne.

Hatua ya 2: pakua OR-Tools ya Google, zana za kutafuta mpango bora, ni bure, unaitumia na Python (lugha ya kuandikia programu). Ndani yake kuna CP-SAT, ndiyo inayotafuta rosta inayotimiza masharti yako. Kila mtu, kila siku, kila zamu mpe kigezo cha 0 au 1: 1 yuko kazini, 0 hayupo.

Hatua ya 3: masharti, na hapa msiwe na haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kazi na kazi, na saa 24 kila wiki. Zamu zetu zinaanza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Sasa angalia, aliyetoka saa 4 usiku ukimrudisha kesho asubuhi amepumzika saa 8 tu, na hapo toa muda wa daladala, kuoga na kula. Kwahiyo piga marufuku mchana kwenda asubuhi ya kesho, na aliyekesha asipewe asubuhi wala mchana wa siku anayotoka. Mjamzito asipangwe usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, hiyo nayo ni sheria.

Hatua ya 4: lengo, yaani kitu unachoiambia programu ikipunguze baada ya masharti kutimia. Punguza tofauti kati ya mwenye zamu nyingi za usiku na mwenye chache, ovataimu ifuate baada ya hapo.

Hatua ya 5: utabiri wa wateja, ili ujue kila zamu inahitaji wahudumu wangapi. Anza na wastani wa mauzo ya siku kama hiyo wiki zilizopita, mwisho wa mwezi na sikukuu uziangalie peke yake. Usikimbilie modeli kubwa.

Hatua ya 6: rosta isitoke bila supavaiza kuipitia, na kila anachobadilisha kiandikwe nani kabadilisha na kwa nini.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu yangu inarudisha INFEASIBLE (yaani hakuna rosta inayotimiza masharti yote), nikitoa sharti la saa 12 inakubali. Nifanyeje?

Jibu: Usilitoe kabisa kaka. Ongeza kigezo cha nafasi iliyokosa mtu, kipe adhabu kubwa kwenye lengo. Itakuletea rosta pamoja na taarifa kwamba Ijumaa usiku kunapungua mtu mmoja, unampelekea bosi aone kwamba anatakiwa kuajiri.

Mdau wa Dodoma: Bosi anataka wanaougua mara kwa mara wapewe alama ndogo ili programu iwapunguzie zamu.

Jibu: Kataa dada. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hapo unamwadhibu mtu kwa kuugua. Kwenye mfumo andika tu "hapatikani usiku" tarehe fulani mpaka fulani, sababu ibaki kwa afisa rasilimali watu.

Mdau wa Tanga: Laptop yangu RAM 4, itaweza kweli?

Jibu: Vizuri tu. Watu 17 kwa siku 7 kwa zamu 3 ni vigezo 357, ni kitu kidogo kwa CP-SAT. Weka max_time_in_seconds (ukomo wa sekunde za kutafuta) iwe 30, ikirudisha FEASIBLE (rosta inayokubalika) badala ya OPTIMAL (iliyo bora kabisa) chukua tu, masharti yote yametimia.