Gari Linatetemeka Ukifika 90? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia Balansi Tena

Usifike gereji ukasema "gari linatetemeka" halafu ukanyamaza. Utafanyiwa balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, utalipa, na wiki ijayo utarudi palepale. Kwanza tafuta lami iliyonyooka isiyo na magari mengi, weka mtu pembeni wa kuandika, na uondoke hapo ukiwa na majibu.

Mtetemo unaanza spidi gani? Ukianzia kama kilomita 80 kwa saa na kuzidi hadi 110, tuhumu balansi. Gari likirukaruka tangu 30 au 40, tairi imevimba au rimu imepinda.

Unausikia wapi? Usukani ukicheza mkononi, tatizo liko mbele. Usukani ukiwa umetulia lakini kiti na sakafu vinatetemeka, angalia nyuma, na kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma usiisahau propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), krosi zake, yaani viungo vyake, na beringi yake ya katikati.

Unakuja ukifanya nini? Ukikanyaga breki tu, ni diski. Ukikanyaga mafuta tu na ukiachia unatoweka, kagua jointi za ndani za shafti za magurudumu, propela na maunti za injini (mipira inayoishikilia). Mtetemo usipobadilika kwa mafuta wala breki, ni magurudumu. Kisha simama, weka gia huru, pandisha injini hadi mizunguko ileile iliyokuwa nayo mtetemo ulipotokea. Ikitetemeka hapo, tairi hazihusiki.

Upepo pima tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Gari lililolala wiki kadhaa liendeshe kwanza kilomita 20, maana tairi hubonyea pale zilipokalia.

Osha ndani ya rimu, si nje tu. Baada ya barabara za udongo, matope hukaukia upande usioonekana. Donge la gramu 30 kwenye rimu ya inchi 15, ukiwa 100, huvuta gurudumu kwa nguvu ya takriban kilo 4, mara 14 kila sekunde.

Pitisha kiganja taratibu juu ya tairi nzima na ubavuni. Ukigusa nundu, nyuzi za ndani zimekatika au zimeachana. Tairi hiyo haibalansiwi, inatupwa. Anayenunua za mtumba asome tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa hili ndilo linalowamaliza watu pesa. Chukua Corolla iliyovalishwa rimu za spoti za dukani. Tundu la katikati la rimu nyingi za aina hiyo ni milimita 73.1, ila habu, kitovu cha gari ambacho rimu hukalia, kwa Corolla nyingi za zamani ni 54.1. Rimu ya kiwandani huikalia habu kabisa. Hii ya dukani inaning'inia kwenye nati tu. Fundi anaifunga kwenye mashine ya balansi, ambayo huishika kwa koni katikati ya tundu, inasoma sifuri, kila mtu anafurahi. Ikirudi kwenye gari inakaa kando kidogo. Gurudumu la kilo 15 likikaa nusu milimita nje ya kitovu, ni sawa na kubandika kipande cha risasi cha balansi cha gramu 40 ukingoni mwa rimu. Balansi ya pili na ya tatu hazisaidii kitu, kwa sababu kosa haliko kwenye gurudumu. Baada ya hapo zinabadilishwa tairi, kisha shokapu, kisha boljointi zilizokuwa nzima kabisa.

Dawa yake ni ringi nne za plastiki ngumu au alumini za kuziba pengo kati ya habu na tundu la rimu, kwa Corolla hiyo nje 73.1, ndani 54.1. Pima kwa kalipa, usikisie. Sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya kabla ya kuvalisha. Angalia na nati: rimu yenye matundu ya umbo la koni haitaki nati bapa za kiwandani. Fungua nati moja uitazame. Ikiwa na washa pana chini yake, haifai hapo. Kaza nati gari likiwa bado juu ya jeki, kwa kuruka nati, kidogo kidogo, kisha malizia chini kwa spana ya kipimo, Nm 103 kwa Corolla.

Gari likiwa juu, tikisa kila gurudumu. Likicheza juu na chini, ni beringi au boljointi (kiungo cha mpira cha saspensheni). Kushoto na kulia, ni tairodi (fimbo ya usukani). Weka stendi, usitegemee jeki peke yake.

Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, huja mwisho. Yenyewe hula tairi na kuvuta gari upande, mara chache sana huleta mtetemo.

Ukishafungua magurudumu, rudia kukaza nati baada ya kilomita 80. Mtetemo ukizidi ghafla safarini, usiongeze spidi ili "uuvuke". Toka barabarani, washa hazadi (taa za tahadhari), shika nati kwa mkono moja moja, kagua tairi zote nne pande zote mbili, hata kama mabasi yanakupita na abiria wanakuambia mmekaribia.