Kabla hujanunua mafuta ya kunukia ya halali, kagua dumu

Wanaonipigia simu wakitaka kuanza kutengeneza sabuni, losheni au mafuta ya masaji ya halali huanza na swali lilelile: "Dada, mmea gani ni halali?" Yote. Mchaichai, mkaratusi, karafuu, mdalasini, rozimari, yote ni halali tangu ardhini. Jani halina dhambi. Maneno huanza jani likishakatwa, kwa hiyo kabla hujapanda basi hapa Mbeya kwenda Njombe au Iringa kutafuta mzigo, soma haya kwanza.

Anza na jina la mmea. Usikubali kuambiwa "mafuta ya mlingoti" basi. Huku kwetu milingoti, au mikaratusi ukipenda, imepandwa zaidi kwa ajili ya nguzo na mbao, na ipo ya aina nyingi. Eucalyptus globulus ndiyo yenye sineoli nyingi, ile harufu ya dawa ya kifua. Corymbia citriodora inanukia kama limau na mafuta yake ni kitu kingine kabisa. Muuzaji aandike jina la kisayansi, sehemu ya mmea iliyotumika, mahali ulipovunwa na njia iliyotumika kutoa mafuta. Asipojua jina, nendeni naye shambani na ofisa misitu awatambulishie mti. Hilo si la kubishaniwa.

Kisha uliza njia. Mafuta yakikenekwa, yaani mvuke ukipita kwenye majani halafu ukapozwa, kinachoingia ni majani, maji na moto, na njia yenyewe haina swali. Maua laini kama asumini hayavumilii mvuke. Mafuta yake mengi ya sokoni hutolewa kwa heksani, kemikali ya kuyeyushia, halafu ile nta inayopatikana huoshwa kwa ethanoli, yaani kilevi, na ethanoli kidogo huweza kubaki. Zamani, kule Grasse nchini Ufaransa, maua yalilazwa juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya wanyama, ya nguruwe na ya ng'ombe, mpaka mafuta yale yanywe harufu. Siku hizi njia hiyo ni adimu, lakini ukikutana na mtu anayejisifu kuwa bidhaa yake imetengenezwa "kwa njia ya kale ya Kifaransa", muulize ni mafuta ya mnyama gani. Mwache ajibu mwenyewe, usimsaidie.

Miski (ya paa), ambari (ya nyangumi) na zabadi (ya fungo) ni manukato yanayotoka kwa wanyama na kila kimoja kina hukumu yake. Miski haina shida kwa wanazuoni, zabadi ya fungo ina mjadala. Nyingi ya miski ya bei rahisi inayouzwa imetengenezwa kiwandani na haijawahi kumwona mnyama yeyote, kwa hiyo hapo swali lako ni moja tu: imeyeyushwa kwenye nini?

Na hilo, imeyeyushwa kwenye nini, liulize kwa kila chupa. Gliserini inaweza kutoka kwenye mawese na inaweza kutoka kwenye shahamu, mafuta ya wanyama. Asidi ya steariki vilevile. Polisobeti, ile inayosaidia mafuta kukubaliana na maji, vilevile. Muuzaji akikwambia "ni ya mimea" omba karatasi ya kiwanda kilichoitengeneza, siyo ya duka lililoipima kwenye vichupa. Mafuta mazito ya kuchanganyia ndiyo rahisi kuliko yote kwetu: parachichi tunalo Rungwe na Njombe, alizeti ipo kila kona. Ukinunua ya parachichi, uliza tu kama mashine inayoyakamua inakamua na kitu kingine.

Kuhusu kilevi, usiingie kwenye mabishano ya magrupu ya WhatsApp. Wapo wanaosema tone lolote la ethanoli ni najisi. Malaysia wanatofautisha kilevi kilichotokana na utengenezaji wa pombe na ethanoli isiyopitia huko, na hiyo ya pili wanairuhusu kwenye vipodozi. Kazi yako siyo kutoa fatwa. Kazi yako ni kujua mnunuzi wako anafuata taasisi gani, kuuliza taasisi hiyo inasema nini, na kuweza kueleza bila kigugumizi ethanoli iliyomo kwenye chupa yako imetoka wapi. Mimi nilishindwa kueleza. Ndipo tunafika kwenye dumu.

Miaka michache nyuma nilipata mteja Unguja, mama mwenye spa, akataka mafuta ya masaji ya mchaichai kwa ajili ya msimu wa watalii. Alisisitiza halali. Mimi mwenyewe Mwislamu, mtoto wa madrasa, nikaona hilo siwezi kukosea hata usingizini. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja huko Kilolo, Iringa, anayekeneka nyumbani kwao. Tukaelewana kwa simu lita tano kwa wiki mbili. Kila baada ya siku mbili nikawa namsukuma, vipi, zimefika ngapi, na yeye ananijibu, "Zinakuja, dada, zinakuja." Siku ya ahadi dumu la njano likashushwa stendi ya Nanenane, limejaa mpaka shingoni. Nilifungua palepale. Harufu ilinipiga usoni mpaka kondakta akageuka.

Kuna hesabu ambayo sikuipiga. Kilo 100 za mchaichai mbichi zinatoa kama nusu lita ya mafuta, na mara nyingi hazifikishi hata hiyo. Lita tano zinataka tani nzima na zaidi. Mimi nilikuwa nashughulika na mtu ambaye hata sikuwa nimemuuliza ana mchaichai kiasi gani.

Nikachanganya na mafuta ya parachichi. Yakafanya ukungu. Nikasema ni baridi, Mbeya mwezi wa saba hata mafuta ya nazi yanakuwa jiwe. Nikayapasha, nikajaza chupa mia mbili, nikabandika lebo, nikatuma Unguja pamoja na kichupa cha mafuta ya mchaichai matupu kama sampuli.

Yule mama hakupiga simu. Alituma picha ya bomba la sindano. Alikuwa ameweka mililita 10 za yale matupu ya sampuli na mililita 10 za maji ya chumvi, akatikisa, akayaacha yatulie. Mafuta ya juu yalikuwa yamebaki 7. Maji ya chini yalikuwa yamepanda. Chini ya picha aliandika neno moja na alama ya kuuliza: "Kilevi?"

Kipimo hicho kijifunze leo, hakigharimu chochote. Mafuta halisi ya kunukia hayaingii kwenye maji, kwa hiyo kipimo chake hakibadiliki ila kwa uchache sana. Kikipungua, kulikuwa na kitu kinachopenda maji kuliko mafuta: ethanoli, gliserini au ndugu zao. Hakikwambii ni kipi, hapo ndipo unahitaji maabara. Kwa mafuta mepesi kama ya mchaichai kipo na cha karatasi nyeupe: dondoshea tone, acha likauke, na likiacha doa la mafuta kama la chapati ujue limechanganywa na mafuta ya kupikia. Kipimo cha karatasi mimi nilikuwa nimekifanya, na kikapita vizuri tu. Spiriti hukauka bila kuacha doa.

Nikaenda Kilolo. Nilifika jioni, nikapokelewa kwa "kamwene" na kiti cha miguu mitatu, na sikuhitaji kuuliza sana maana mtambo ulikuwa uani mbele ya macho yangu. Pipa juu ya mafiga, bomba la shaba limezungushwa ndani ya beseni la maji baridi, mwisho wake kwenye chombo. Pembeni madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi, yamepangwa, ya njano, ndugu pacha wa lile langu. Bibi yake alikuwa anapika gongo. Si siku hiyo tu. Mtambo ulikuwa mmoja: siku ya mchaichai ni mchaichai, siku nyingine ni ya bibi.

"Lakini unaoshwa, dada," kijana akaniambia.

"Unaoshwa na nini?"

"Na gongo. Maji hayatoi ile harufu ya mafuta. Gongo inatoa."

Na alikuwa sahihi! Kwa kusafisha mabaki ya mafuta, spiriti inashinda maji. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwangu hiyo ndiyo shida yenyewe. Nikamuuliza kuhusu lita tano. Akatazama chini. Zilifika lita tatu na nusu, akasema, mchaichai ukaisha, na wewe ulikuwa unapiga simu kila siku. Akajazia na ile kali aliyoikeneka mara mbili, ile inayoshika moto ukiiwashia kiberiti. Hakuniibia, kwa maoni yake. Alinifikishia oda.

Nilimrudishia yule mama hela yake yote na nauli ya mzigo. Chupa mia mbili sikuziuza. Mteja hakurudi, na mimi ningekuwa yeye nisingerudi.

Kwa hiyo, haya yafanye kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba. Nenda uone mtambo kwa macho yako. Uliza mtambo umetoka kufanya kazi gani wiki iliyopita, na ya nani. Uliza unaoshwa na nini, usiulize kama unaoshwa. Uliza mchaichai uko wapi, utembee ndani yake, upige hesabu ya kilo. Nenda na vyombo vyako vipya, vya kioo cheusi au alumini, na vyako peke yako. Madumu ya mitaani kwetu yamebeba kila kitu, ulanzi, dizeli, na mafuta ya kitimoto, maana Mbeya na Iringa hakuna barabara isiyo na banda la kitimoto. Chombo kilichoshika pombe unaweza kukiosha kwa maji mpaka athari yake iondoke. Kilichoshika nguruwe, kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu tunafuata, kinataka kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Nani atakuoshea dumu la plastiki mara saba? Nunua jipya.

Siku hizi nina pipa langu na bomba langu kwa yule yule kijana, na lina kufuli. Bibi yake ananiita Mama Kufuli.

Cheti cha halali, haya. BAKWATA, baraza la Waislamu la Tanzania, wanatoa. Unapoonyeshwa cheti usitazame muhuri peke yake, soma jina la bidhaa, mahali kiwanda kilipo na tarehe ya kuisha. Cheti cha mafuta ya karafuu hakifuniki mchaichai, na cha Dar es Salaam hakifuniki pipa la Kilolo. Wala cheti cha aliyekuuzia hakihamii kwenye chupa yako ukishayamimina na kuchanganya. Ukitaka kuuza nje, uliza mnunuzi anatumia kiwango kipi: nchi za Kiislamu zina OIC/SMIIC 4 ya vipodozi vya halali, Malaysia wana MS 2634, na Indonesia, kwa sheria yao ya 2014, wamepanga cheti cha halali kiwe lazima kwa vipodozi kuanzia tarehe 17 Oktoba 2026. Ukihitaji karafuu, kumbuka Pemba kuna kiwanda kinachokeneka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na msururu wa watu kati yako na jani ni mfupi kuliko kununua kwa dalali.

Halali haikuondolei serikali. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, siyo tena iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na ofisi ya TBS Mbeya ipo. Maswali ya mapishi na vifungashio SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanayajua.

Kila pipa liwe na namba, na uweke sampuli ya kila mzigo kabatini, mililita 20 zinatosha. Usikubali bei ya chini sana. Usikubali bei ya juu sana pia, eti kwa sababu "ni ya kwenda Uarabuni". Usimpigie mkenekaji simu kila siku.

Na kwa sababu watu wataanza kupaka: mafuta ya mchaichai yaweke chini ya asilimia moja, yanawasha ngozi. Ya ndimu yaliyokamuliwa bila mvuke usimpake mtu anayekwenda juani. Ya mkaratusi usimkaribishie mtoto mchanga usoni, wala mtu asiyanywe hata akikwambia bibi yake alikunywa. Yafunge, yaweke gizani, mbali na jiko. Na ukiyasafirisha kwa basi usiyaache yatupwe kwenye buti juu ya injini, pakata mwenyewe, hata abiria wa pembeni akilalamika harufu kutoka Mafinga mpaka Makambako.