Kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mkoani

VPN, ile njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje, ijaribu kabla hujapanda basi, na usiijaribu kwa Wi-Fi ya ofisini. Ukiwa tayari ndani ya mtandao, ikikubali haijathibitisha kitu. Zima Wi-Fi, washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta hapo, ndipo ujaribu. Simu za saa mbili usiku kutoka Njombe nazipokea mimi, kwa hiyo nisikilizeni.

Kwetu tunatumia programu ya FortiClient. Ifungue, weka jina lako na nywila ileile unayofungulia kompyuta asubuhi, siyo ya barua pepe yako binafsi. Bonyeza Connect, kisha andika upesi tarakimu zinazotokea kwenye simu, maana hazidumu.

Ikigoma, acha kubonyezabonyeza. Tazama imekwama asilimia ngapi, ndilo swali langu la kwanza ukinipigia. Ikiishia 10, kompyuta haijaifikia ofisi kabisa: bando limekwisha, au Wi-Fi ya hoteli inangoja ufungue kivinjari uweke namba ya chumba. Kwenye 40 mara nyingi tatizo ni cheti cha usalama, kile kinachoithibitishia kompyuta kwamba imefika ofisini kweli, na hapo angalia saa na tarehe. Kompyuta iliyolala kabatini hadi betri ikafa huweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, ikakikataa cheti ambacho kwake bado hakijaanza kutumika. Saa ikiwa sahihi na onyo la cheti bado lipo, usikubali kuendelea; nipigie. 80 kwa kawaida ni nywila, au akaunti yako haijapewa ruhusa. 98 zima kompyuta uwashe, ikirudia niachie mimi.

Linalowachanganya wengi ni hili: imeunganishwa vizuri, ila folda za ofisi hazifunguki. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani za IP, yaani namba za kukitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, zinazoanza na 192.168.1, na ofisi nyingi zilipangwa hivyohivyo. Basi kompyuta ikiambiwa iende 192.168.1.10, yaani seva, kompyuta ya ofisi inayotunza faili, inaitafuta sebuleni kwako, jirani na televisheni. Hamia hotspoti ya simu, ambayo kwa kawaida hugawa anwani nyingine. Dawa hasa ni ofisi kubadili namba zake, lakini hiyo ni kazi ya wikiendi nzima na wakubwa hawaipendi.

Kuna na la sheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kufikia tarehe 30 mwezi huo. VPN ya ofisi ni jukumu la ofisi. Ile ya bure uliyojipakulia ni shauri lako, na usiiwashe sambamba na ya ofisi, zitagombania njia.

Ukishaingia, faili kubwa la Excel usilifanyie kazi kulekule kwenye seva. Likopi kwenye kompyuta, fanya kazi yako, kisha ulirudishe. Mtandao ukikatika unapohifadhi moja kwa moja, faili linaweza kuharibika, na nakala niliyo nayo mimi ni ya jana usiku.