Ruzuku ya kikundi kilicho mbali: namna ya kuishika ukiwa Dar na kuitolea hesabu kwa wenyewe

Mwongozo huu ni wa mratibu au mhasibu aliyeko Dar es Salaam, ambaye shirika lake limepokea fedha za mfadhili ili zifike kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wafugaji wa Simanjiro, au jamii nyingine iliyo mbali na benki na lami. Ndivyo ninavyofanya kila mkataba mpya unapofika mezani kwangu.

Kwanza tuone fedha hizi zinapitia wapi. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Glasgow, serikali kadhaa na mifuko binafsi ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi na misitu za watu wa asili na jamii za wenyeji. Taarifa za wafadhili wenyewe zilionyesha kuwa mwaka ule ni asilimia 7 tu ya fedha zilizotolewa iliyokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo, na mwaka 2022 ikashuka hadi asilimia 2.1. Zilizobaki zilipita kwa watu wa kati. Sisi wenye ofisi Mikocheni na Masaki ni sehemu ya hao watu wa kati, kwa hiyo suala la uwajibikaji linatuhusu sisi kabla halijamfikia mweka hazina wa kijijini.

Hatua ya 1: Jua unampa nani kisheria

Mpokeaji anaweza kuwa shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kikundi cha kijamii kilichosajiliwa halmashauri, chama cha ushirika, au serikali ya kijiji yenyewe. Kila mmoja ana mahali pake pa kupeleka hesabu. Shirika lisilo la kiserikali hupeleka kwa Msajili taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Kama mtia saini yuko malishoni, siku 10 ni chache mno, basi andaa nakala zote kabla kalamu haijagusa karatasi.

Omba cheti, katiba na barua ya benki inayoonyesha akaunti ina jina la kikundi. Akaunti yenye jina la mwenyekiti usiikubali, hata kama kila mtu anamsifu.

Hatua ya 2: Mkutano kabla ya bajeti

Hapa ndipo wengi wetu tunaharakisha. Wahadzabe hawana mtemi wala chifu wa kusema kwa niaba ya wote; mambo huzungumzwa kambini mpaka watu waridhike, na asiyeridhika anaweza kuhamia kambi nyingine. Ukimchukua kijana mmoja anayejua Kiswahili vizuri ukamfanya ndiye jamii, umempa mzigo usio wake. Kwa Wamaasai laigwanani, kiongozi wa jadi, anaheshimiwa sana, lakini heshima hiyo haimfanyi mweka hazina, na mara nyingi mwenyewe atakuambia hivyo ukimuuliza kwa adabu.

Kumbuka pia kwamba mkutano mkuu wa kijiji si lazima uwe mkutano wa kikundi. Katika vijiji vingi Wahadzabe ni wachache. Fedha zao zikijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji peke yake, wengi ndio watakaoamua. Fanya mikutano miwili: wa wenyewe kwanza, wa kijiji baadaye, na mtendaji wa kijiji apewe taarifa ya yote miwili.

Hatua ya 3: Gharama ya kutoa hesabu iwe ndani ya bajeti

Tunadai risiti kutoka mahali ambapo kuipata kunagharimu zaidi ya bidhaa yenyewe, kisha hatulipii hiyo safari. Si haki, na ndicho chanzo cha hesabu nyingi kuvurugika.

Chukua mfano wa ruzuku ya shilingi milioni 12 kwa mwaka. Mweka hazina na mwenzake wanakwenda benki mjini mara moja kwa mwezi: nauli, chakula na kulala usiku mmoja, tuseme 70,000 kwa wote wawili, yaani 840,000 kwa mwaka. Mikutano minne ya kusoma hesabu, pamoja na chakula na mkalimani, 150,000 kila mmoja: 600,000. Madaftari, vocha na nakala: 160,000. Jumla 1,600,000, zaidi kidogo ya asilimia 13 ya ruzuku.

Ukiitupa yote kwenye gharama za uendeshaji itagonga kikomo cha mfadhili na kukatwa. Iandike kama shughuli yenye mstari wake, mweleze mfadhili waziwazi sababu, na usilegee. Mpe mfano wa Australia: sheria yao ya mwaka 2006 ya mashirika ya Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait inayagawa kuwa madogo, ya kati na makubwa, na madogo hudaiwa taarifa chache zaidi. Ruzuku ya milioni 12 haistahili fomu ileile ya ruzuku ya bilioni.

Hatua ya 4: Kubalianeni juu ya ushahidi wa malipo

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utaipata dukani mjini. Kwa mama aliyeuza maharage, kijana wa bodaboda au mzee aliyeonyesha mipaka ya msitu, hutaipata. Andaa hati ya kukiri malipo yenye jina, kazi iliyofanyika, kiasi, tarehe, saini au dole gumba, na mashahidi wawili wasiotoka familia moja. Iambatishwe kwenye mkataba tangu mwanzo ili mkaguzi asije kuikataa mwishoni.

Risiti za EFD nazo hufifia. Zipigwe picha au zitolewe nakala siku ileile. Masurufu mapya, yaani fedha za kutumia kwanza na kutolea hesabu baadaye, yasitolewe kabla ya yale ya awali kutolewa hesabu, isipokuwa masika yamekata barabara na mmekubaliana hivyo kwa maandishi.

Hatua ya 5: Hesabu isomwe kule kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lisilosomeka na mwenye mali halimlindi. Kabla taarifa haijakwenda kwa mfadhili, andikeni kwenye karatasi ya manila mistari minne: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, zinazodaiwa. Isomwe kwa lugha ya watu wenyewe. Maswali yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na majibu, na muhtasari huo uwe kiambatisho cha taarifa ya mfadhili.

Na kwenye karatasi hiyohiyo uwepo mstari wa tano: fedha zilizobaki Dar. Mshahara wako, mafuta ya gari, pango la ofisi, vyote viwe na kiasi chake. Utaulizwa maswali makali, nawe jibu kwa utulivu. Jamii inayoona upande wako hutoa upande wake bila kusukumwa.

Hatua ya 6: Wenyewe wawe na kura, si viti tu

Mwaka 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamuru Kenya iwalipe Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu wa Mau, fidia ya shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine. Iliamuru pia uundwe mfuko wa maendeleo ya jamii, wenye kamati ambamo wawakilishi wa Waogiek wamo. Nawe fanya hivyo kwa ruzuku ndogo: mabadiliko yoyote ya bajeti yapitishwe na wawakilishi wao, si kwa barua pepe kati yako na mfadhili.

Hatua ya 7: Kufunga mradi

Kabidhi mafaili halisi kwa kikundi, ofisini ubaki na nakala. Orodhesheni mali zote. Kama kadi ya pikipiki bado ina jina la shirika lako, hamisha umiliki TRA wakati ruzuku ingali na salio la kulipia ada.